Gunia la Mboji Kutoka Kintinku

Mzee Eliasi aliponiambia nitoke kitaluni kwa sababu nanyonyesha, uvumilivu wangu ulikatika pale pale, kama kamba ya ndoo kisimani.

Wote mnaoniuliza kilitokea nini, someni hapa, maana kurudia rudia nimechoka. Mzee Eliasi mnamjua, ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha bustani hapa Kinyangiri. Asubuhi ile miche yangu ya vitunguu ilikuwa imelala chini yote. Ukiushika mche unaona umenyong'onyea shingoni, pale unapotoka ardhini, umekuwa kama uzi uliolowa. Ugonjwa huo ndio kinyausi. Ulinipiga msimu uliopita, ukanipiga na uliotangulia. Vitalu vya wenzangu vilipata mapengo tu. Changu, kilicho chini kabisa bondeni ambako maji yanatuama, kilifutika.

"Mama Shukuru," akasema mzee, na watu wote wanasikia, "mama mwenye mtoto wa ziwa hakanyagi miche michanga. Maziwa na miche havipatani. Wazee walijua."

Shikamoo yake nilikuwa nimeshampa, kwa hiyo heshima ilikuwa imetangulia. Nikamuuliza, "Mzee, mwaka juzi sikuwa na mtoto. Miche ilikufa kwa maziwa ya nani?"

Watu wakacheka, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mwenyekiti akichekwa hatafuti jibu, anatafuta adhabu. Akasema kikao kijacho eneo langu atapewa mtu mwingine, kuna wanaosubiri. Sasa hilo eneo ndilo linalotuvusha kiangazi. Mtama wetu ukigoma, na mnajua unavyogoma, vitunguu ndivyo vinaleta unga ndani. Bila lile eneo, mimi na Shukuru na bibi yake tunabaki tunaangalia mawingu.

Na mimi sikuwa nimekaa tu. Nililima, nikachanganya mboji niliyoitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, tukachoma kitalu kama desturi ya kikundi, nikasia mbegu. Mboji nilielekezwa kwa simu na Zaituni, tuliyesoma naye sekondari, anayeniita Vero hadi leo, aliyeolewa Kintinku. Aliniapia kwamba mboji iliyoiva inazuia kinyausi. Kwa hiyo nilipotoka bondeni nilimpigia yeye wa kwanza.

"Mboji yako imeniua," nikamwambia.

"Mboji haiui mtu. Ulifanyaje?"

"Nilifanya ulivyosema!"

Nikamkatia simu. Baadaye akaniandikia ujumbe: "Kutengeneza nyingine ni miezi, na wewe miezi huna. Njoo uchukue yangu. Njoo na domo lako pia."

Nikamfunga Shukuru mgongoni. Nikachota udongo wa kile kitalu nikaujaza kwenye kopo, uwe ushahidi. Baba Shukuru akasema yeye atabaki na mbuzi.

Kinyangiri hadi Iguguno

Bodaboda alikuwa mume wa jirani yetu, kwa hiyo alijiona ana haki ya kunishauri njia nzima.

"Shemeji, wewe mwombe mzee radhi, yaishe."

"Radhi ya nini?"

"Ya kucheka."

"Sikucheka mimi. Walicheka watu."

"Basi waombee watu."

Hapo gurudumu la nyuma likapata pancha. Akasukuma pikipiki, mimi nikatembea nyuma yake na mtoto, jua linapanda. Kwenye kibanda cha kwanza kulikuwa na mama anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kavipika na karanga. Nikala nimesimama. Mama yule akaniuliza naenda wapi na uso ule. Nikamwambia nafuata mbolea Kintinku.

"Kwenu hakuna ng'ombe?" akaniuliza.

Na kweli, kutoka kwetu hadi pale nilikuwa nimepita mazizi ambayo samadi imejaa mpaka ng'ombe wanasimama juu juu kama wako jukwaani, na mimi naifuata wilaya nyingine. Nilijisikia mjinga, na nikiwa mjinga hasira zangu huongezeka.

Singida Mjini

Stendi ya Singida mpiga debe alinishika mkono, akaniapia basi la Manyoni linatoka sasa hivi. Injini inanguruma kweli. Nikapanda, nikakaa, nikanyonyesha, nikabadilisha nepi. Injini bado inanguruma. Nikamuuliza abiria wa mbele dereva ni yupi. Akanionyesha kwa kidevu: dereva yuko kwa mama lishe ng'ambo ya pili, anakula wali maharage, na sahani hajaifikisha hata katikati.

Nikashuka nikaenda kukaa meza ile ile. Kama dereva yuko mbele yangu, basi haliwezi kuniacha. Nikaagiza wali maharage na mimi. Dereva akanitazama.

"Dada, unanilinda?"

"Nakulinda."

"Basi ongeza mchuzi, bado tuna muda."

Kwenye basi nilikaa na bibi mmoja wa Kigogo, anarudi kwake Saranda. Nikampa shikamoo, akamshika Shukuru kichwani.

"Unampeleka wapi?"

"Naenda Kintinku, bibi, kufuata dawa."

Akamfunua macho mtoto, akamkagua ulimi, akaniambia yuko mzee mmoja hodari sana wa degedege. Nikamwambia si mtoto anayeumwa, ni kitalu. Akautoa mkono wake taratibu, akageukia dirishani. Nadhani aliamua mgonjwa ni mimi.

Ikungi hadi kushuka Saranda

Tulipopita Ikungi, kabla ya Issuna, basi likachemsha. Tukashuka wote. Maji yakatafutwa, yakaletwa kwenye dumu, yakawa machache, yakatafutwa mengine. Kando ya barabara palikuwa na shamba la alizeti lililovunwa, mabua yote yamechomwa, ardhi nyeusi mpaka kwenye mto mkavu. Bibi akatoa viazi kwenye kikapu, akanigawia. Hasira yake ya dawa ilikuwa imeisha.

"Wewe Mnyiramba, eh?"

"Ndiyo bibi."

"Nyie na wajomba zenu Wanyaturu, mkiona jani kavu mkono unakwenda kwenye kibiriti. Angalia pale. Mmechoma chakula."

"Chakula cha nani, bibi? Mabua yale?"

"Cha ardhi. Wewe ukimaliza kula unachoma sahani?"

Nikasema kwetu tunachoma kusafisha, kuua magonjwa. Akaguna, akaendelea kumenya kiazi. Sikufikiria zaidi, niliona ni utani tu wa watu wa kule. Basi lilipopona tukaenda, tukapita Manyoni, tukateremka ule mteremko wa Saranda ambao masikio yanaziba, bibi akashuka na kikapu chake akaniachia viazi viwili vya mtoto, ambaye hana jino hata moja.

Kintinku

Zaituni alikuwa ananisubiri barabarani. Amenenepa. Akanikumbatia na mtoto wangu mgongoni, akanibebea begi, tukafika kwake. Kwenye uzio wa miiba nikatoa kopo langu.

"Hiyo nini?"

"Udongo wa kitalu changu. Nimekuletea ushahidi wako."

Akaruka nyuma kama nimetoa nyoka. "Umeniletea ugonjwa mlangoni kwangu? Vero, umesoma wewe? Lisivuke uzio."

Kopo likatundikwa nje kwenye mwiba, na mimi nikanawishwa mikono, nikakung'utishwa ndala. Sikutegemea kupokelewa hivyo na rafiki niliyemfuata kwa basi lililochemka.

"Sasa bismillah, kula," akasema. "Utanitukana ukishiba."

Tukala ugali wa uwele na mlenda. Nikashiba. Nikamtukana. Alinisikiliza vizuri, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na marundo mawili. La kwanza alikuwa amechomeka fimbo katikati. Akaichomoa, akanipa nishike. Nikaitupa, ilikuwa ya moto kama imetoka jikoni.

"Mabua ya mtama, majani mabichi, samadi, maji, unapanga kama kitanda na godoro," akasema. "Hili bado linapika. Ukiliweka kwenye miche leo, litaiua kabla kinyausi hakijaamka. Twende huku."

Rundo la pili lilikuwa limepoa, jeusi, limefunikwa majani ya mgomba. Akafunua, akaniambia ninuse. Nilinusa harufu ya mvua ya kwanza. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

"Lile joto uliloshika linaua vimelea vya magonjwa," akasema. "Rundo likipoa, viumbe wengine wanarudi. Ukungu mwema, bakteria, vijidudu usivyoviona. Wanakaa humo kwa mamilioni wanakula. Kinyausi nacho ni kimelea kinachotafuta chakula. Kikifika kinakuta sahani zimelambwa. Wengine humo wanakila chenyewe. Na mche ukiota katikati yao, mizizi inazoea mapema, inakuwa kama mtoto aliyechanjwa."

Nikakumbuka vimelea wa kidato cha tatu. Tulikariri majina tukachora na penseli, basi, hakuna aliyetuambia wako kwenye bonde la Kinyangiri.

"Mbona wangu hawakufanya hayo yote?" nikamuuliza.

"Mboji uliiweka lini?"

"Kabla hatujachoma."

"Hamjachoma nini?"

"Kitalu. Tunatandaza mabua na pumba juu, tunachoma, ndipo tunasia. Kikundi kizima, siku moja. Asiyechoma anatozwa jogoo."

Zaituni akakaa chini. Akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka Shukuru naye akaanza kucheka bila kujua kinachochekwa. Halafu akajifuta macho.

"Vero. Umewaalika walinzi, umewakaribisha ndani, umefunga mlango, halafu umechoma nyumba."

Sikucheka. Nilikaa naye pale chini. Nilimkumbuka yule bibi na sahani yake.

"Lakini moto si unaua na kinyausi?"

"Unaua cha juu juu. Swali ni nani anafika wa kwanza baada ya moto. Maji yenu yanatoka wapi?"

Yanatoka kwenye mfereji. Mfereji unapita kwenye vitalu vya wote, ndipo unafika kwangu, wa mwisho, maji yanatuama. Kinyausi kinapenda unyevu. Kwa hiyo kila mwaka tunaiacha nyumba tupu, kisha tunakifungulia mlango kwa keni ya kumwagilia. Na mimi naambiwa ni maziwa.

Nitakuwa mkweli kwa ajili yenu, maana najua mtaanza kusema mboji inaponya mpaka mguu. Zaituni mwenyewe alinionyesha nyanya zake zilizonyauka mwaka huu na mboji ikiwemo. "Inapunguza," akasema. "Inasaidia. Na tuta uliinue, maji yasilale. Mtu akikuambia inatibu kila kitu, mkimbie, anauza." Nilimwamini zaidi aliponiambia hilo kuliko mengine yote.

Kurudi, na mkaa ambao si mkaa

Alinijazia gunia. Hakulishona mdomo. Alilifunika kwa nyasi, akalifunga na kamba kimsalaba ili lipumue, akaniambia nisilianike juani wala nisilifunge kwenye nailoni. "Umebeba wanaoishi," akasema.

Konda akataka kuliweka juu ya basi, kwenye jua. Tukabishana, nikashinda kwa sababu nilikuwa na mtoto analia na yeye hakuwa na jibu la mtoto. Likakaa miguuni kwangu, limefunikwa kitenge kilicholowa.

Mbele kidogo tukasimamishwa kwenye kizuizi cha mazao ya misitu. Ofisa akaingia, akatembea mpaka kwangu, akainua kitenge. Ninyi mnajua gunia lililofunikwa nyasi na kufungwa kamba kimsalaba ni gunia la nini.

"Mama, kibali cha mkaa."

"Sio mkaa, ni mboji."

"Wote wanasema sio mkaa. Juzi mmoja aliniambia ni viazi."

"Basi weka mkono."

"Mkaa unachafua."

"Si umesema ni mkaa? Unauogopa?"

Basi zima linasikiliza. Akaweka mkono kupitia nyasi kwa uangalifu, akautoa na mnyoo umejikunja kwenye kidole. Mama mmoja nyuma akasema, "Huo nao una kibali?" Basi likaangua kicheko. Nikaogopa, maana nilikuwa nimeshaona mtu mwenye cheo akichekwa inakuwaje. Lakini huyu akanusa mkono wake. Akanusa tena.

"Inanuka kama shamba la mama," akasema. "Unaifanyia nini?"

Nikamweleza. Dereva akazima injini. Nilieleza kinyausi, nikaeleza moto, nikaeleza walinzi na nyumba, na nilipofika kwenye maziwa na miche kina mama wa nyuma walianza kupiga kelele kuliko mimi. Ofisa akaurudisha mnyoo ndani ya gunia mwenyewe, akafunika nyasi.

"Nenda. Lakini siku nyingine funga kama mbolea, mama. Unatutia majaribuni."

Kutoka jikoni hadi ofisi ya kata

Nyumbani nilifanya alichonifundisha Zaituni. Nilichukua mboji kiasi nikaipika.

"Unapika mbolea?" Mama mkwe alisimama mlangoni. "Kwenye chungu changu cha mlenda?"

"Shikamoo mama. Nitakiosha."

"Marahaba. Hutakiosha, utaninunulia kingine. Unapika kwa nini?"

Nikamwambia naua viumbe walioko humo, tuone bila wao inakuwaje. Nikachukua mabeseni mawili yaliyotoboka, nikajaza udongo ule ule mgonjwa wa bondeni. La kijani nikachanganya mboji iliyopikwa. La bluu nikachanganya mboji hai. Mbegu za mfuko mmoja, maji ya mfereji ule ule. Mama mkwe akaangalia mpaka mwisho, akauliza, "Na hilo la maziwa?"

Nikadhani ananichokoza. Lakini aliingia ndani akatoa kigoda chake, akakiweka katikati ya mabeseni.

"Utanyonyesha hapo. Kila asubuhi, katikati, usiegemee upande. Kama ni maziwa, yafe yote mawili. Nimechoka kusikia Eliasi anavyonisemea wazee. Mzee ni mimi."

Basi nikanyonyesha hapo. Vitunguu havina haraka. Vilichomoza vyote, mabeseni yote mawili, vimekunja shingo kama kawaida yao, nikalala vibaya. Kisha la kijani likaanza kuanguka pembeni, mche mmoja, halafu kiduara, halafu kipande kizima kikalala. La bluu lilipoteza michache, siwafichi. Iliyobaki ikasimama. Mama mkwe aliinama, akaigusa kwa kiganja kama anamgusa mtoto nywele, akasema kwa Kinyiramba neno moja ambalo nitalitunza.

Kikao cha kikundi kilikuwa kinakaribia. Nikakaa nikaandika malalamiko. Baba Shukuru akabeba beseni moja, mimi moja, mtoto mgongoni, tukaenda ofisi ya kata. Karani akataka kuyaacha mabeseni nje. Nikamwambia yasomwe kwanza malalamiko, hasa mwisho. Akasoma, akatuangalia, akapiga muhuri, akasogeza mafaili yaliyokuwa dirishani ili mabeseni yapate mwanga. Haya ndiyo niliyoyawasilisha, neno kwa neno:

Kwa Afisa Mtendaji wa Kata.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KANUNI YA KUCHOMA VITALU NA KUSUDIO LA KUNINYANG'ANYA ENEO

Husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha bustani. Nalalamika kwamba kikundi kinalazimisha kila kitalu kichomwe, hata kilichowekwa mboji, jambo linaloua viumbe wanaozuia kinyausi, na kwamba miche ikifa analaumiwa mama anayenyonyesha.

Naomba yafuatayo. Eneo langu lisigawiwe mpaka afisa kilimo wa kata aje bondeni. Kikundi kisie vitalu viwili jirani, kimoja cha kuchomwa, kimoja cha mboji hai kisichochomwa, vimwagiliwe maji yale yale, na kamati yote iangalie. Kama changu kitaanguka na chao kikasimama, nitaondoka mwenyewe. Kwa kutokuchoma nimeshaandaa jogoo wa faini, yuko hai, anaweza kuchukuliwa wakati wowote.

Kuhusu maziwa: nimenyonyesha mbele ya mabeseni yote mawili sawasawa, shahidi ni mama mkwe wangu, ambaye amemzidi mwenyekiti umri.

Viambatanisho: mabeseni mawili, la kijani na la bluu. Naomba yamwagiliwe jioni.